Mjomba anataka nisome uchumi tupu, mimi nataka uchumi na siasa

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 20, natoka Newala, mkoani Mtwara. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na nimepata daraja la kwanza: Uchumi B, Historia B, Jiografia C. BAM, lile somo la hesabu la ziada, nimepata D, na hiyo D ndiyo inayoninyima usingizi, nitaeleza kwa nini.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja kimenipa shahada ya uchumi peke yake. Kingine kimenipa shahada inayounganisha uchumi na sayansi ya siasa. Namba ya kuthibitisha udahili imeshaingia kwenye simu yangu na siku zinakwenda. Mimi nataka hiyo ya kuunganisha.

Sababu yangu ni ya tangu utotoni. Mwaka 2018 nilikuwa darasa la sita. Korosho za baba zilikuwa ghalani, bei mnadani ikaanguka, wakulima wakakataa kuuza. Baadaye ikatangazwa kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Nyumbani tulishangilia. Kisha tukasubiri uhakiki, tukasubiri malipo, na kaka yangu akachelewa kurudi shule ya bweni kwa sababu ada haikuwepo. Nilimuuliza baba: kama bei inapangwa na soko, mbona imepangwa kwa tangazo? Na kama inaweza kupangwa kwa tangazo, kwa nini wasitangaze elfu tano? Baba akacheka, akaniambia nikasome halafu nirudi kumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Tatizo ni mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na huyu ndiye aliyenilipia tangu kidato cha kwanza. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Anasema siasa haisomwi darasani, siasa ni ya wenye majina na wenye hela, na kwamba mtoto wa mkulima akisoma siasa atarudi kijijini na cheti cha kufunikia maji mtungini. Anataka uchumi tupu. Ameshazungumza na rafiki yake aliyepo benki ili nikifika wakati wa fildi, yale mafunzo ya kazini, nikafanyie hapo, nijulikane mapema.

Mimi ningependa fildi nifanyie kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika (AMCOS), au halmashauri. Lakini rafiki yangu aliyepo chuo mwaka wa pili ananiambia fildi ya AMCOS haina uzito kwenye CV, na halmashauri wanafunzi wanatumwa chai.

Na hiyo hesabu, mama. Walimu walituambia uchumi wa chuo ni hesabu kuanzia siku ya kwanza. Nina hofu nitapata sapu, nirudie mtihani, au hata kudisko, niondolewe chuoni, halafu mjomba aone hela yake imepotea kwa sababu ya ubishi wangu. Je, nichukue masomo mawili kwa pamoja au nitakuwa mtu wa nusu huku na nusu kule? Fildi nifanyie wapi? Na mjomba nimwambieje?

Jina langu naomba ulihifadhi.

Newala, Mtwara

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa daraja la kwanza.

Maoni yangu ni kwamba uchukue hiyo ya kuunganisha, ila kuna jambo moja la kuuliza chuoni kabla hujabonyeza hiyo namba, na nitalifikia. Kwanza nataka nikae kidogo na swali ulilomuuliza baba yako, kwa sababu ndani yake mna shahada nzima.

Msimu wa 2017/18 nchi hii ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi, na bei mnadani ikakaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi wakarudi na zabuni zilizo chini ya shilingi 3,000. Kwa nini? Hapo uchumi unajibu. Korosho yetu nyingi huondoka ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam, kwa hiyo bei ya Newala huanzia kwenye kile ambacho mbanguaji wa kule anaweza kulipa na bado akabaki na faida. Mwaka ule bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Ukitoa nauli ya meli, ushuru wa kusafirisha nje, ghala, magunia na makato ya ushirika, unaona mnunuzi hakuwa na nafasi kubwa ya kupanda, awe na huruma au asiwe nayo.

Lakini uchumi huo huo haukuambii kwa nini wakulima waliweza kusema hatuuzi. Waliweza kwa sababu ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005 na ukaanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Kabla yake mkulima alikutana na mnunuzi peke yake, shambani au mlangoni kwake, na mnunuzi ndiye aliyekuja na mizani. Mfumo ulikusanya mzigo ghalani kupitia vyama vya msingi, ukaleta mnada ambao zabuni zinasomwa mbele ya wenye mali, nao wakapewa sauti ya kukubali au kukataa. Sauti hiyo haikushuka na mvua. Kuna watu waliipigania, wengine waliipinga kwa sababu iliwaharibia biashara, na hadi leo ubishi wake haujaisha. Kujua nani alitaka nini, na kwa nini upande mmoja ulishinda, ni kazi ya sayansi ya siasa.

Endelea mbele kidogo. Juni 2018, miezi michache kabla ya ule mnada, Bunge lilibadilisha mgawanyo wa ushuru wa korosho ghafi inayosafirishwa nje. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao, na asilimia 35 ikaenda hazina. Baada ya mabadiliko, yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walisimama wakapinga, na sheria ikapita. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 na jeshi litabeba mzigo. Mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, walipoteza nafasi zao katika sakata hilo.

Sasa, kwa nini isiwe elfu tano? Kwa sababu aliyenunua kwa 3,300 naye lazima amuuzie mtu, na mtu huyo bado ni yule yule mbanguaji wa ng'ambo. Pengo likiwepo kati ya bei mbili hizo, kuna mfuko unaolibeba, na mfuko huo ni wa umma. Tangazo linaweza kuamua nani abebe hasara, lakini haliwezi kuifuta hasara yenyewe. Na ule uhakiki mliousubiri ulikusudiwa kuwatenga kangomba, wale wanaonunua korosho za mkulima mwenye shida kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, wasije wakalipwa hela ya mkulima. Kwenye karatasi ni jambo la haki kabisa. Kijijini, wewe unajua kuliko mimi, kangomba mara nyingi ni jirani aliyemkopesha mtu hela ya matibabu mwezi wa Machi wakati benki hazimjui. Ukimfukuza bila kuweka mkopo mwingine mahali pake, Machi ijayo atarudi, na mkulima ndiye atakayemfuata.

Hiyo ndiyo sababu nakwambia huwi mtu wa nusu huku na nusu kule. Swali lako halikatiki katikati. Mchumi aliyekataa kuangalia madaraka atamwambia baba yako bei ya dunia imeshuka, atarudi ofisini. Mwanasiasa asiyejua hesabu atamwahidi elfu tano.

Lakini kuna hatari ya kweli, na mjomba wako hajakosea kuihisi, ingawa ameieleza kwa ukali. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa wa wachumi hapa kwetu, na ajira zake hupita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Fungua tangazo lolote la nafasi ya Mchumi Daraja la II usome sehemu ya sifa. Shahada zinazokubalika zimetajwa kwa majina. Anayechuja maombi ana mamia ya vyeti mbele yake, na anasoma jina lililoandikwa juu ya cheti. Hana muda wa kufikiria ulikuwa na maana gani ulipounganisha.

Kwa hiyo pigia ofisi ya udahili ya hicho chuo, leo kama inawezekana. Waulize jina kamili la shahada litakaloandikwa kwenye cheti. Waulize ni sehemu gani ya masomo ya miaka mitatu ni uchumi. Waulize kama wanafunzi wa kuunganisha wanasoma kwa lazima maikro, makro, takwimu na ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, au kama ekonometriki imeachwa kwa wale wa uchumi tupu. Kama jibu ni kwamba imeachwa, basi nabadilisha ushauri wangu: chukua uchumi tupu, halafu masomo yako ya hiari yachukue idara ya siasa, kila muhula, kadiri chuo kitakavyoruhusu. Utapata karibu kitu kile kile na mlango wa Mchumi Daraja la II utabaki wazi. Wenzetu Uingereza, ambako kusoma uchumi na siasa pamoja ni jambo la kawaida na la zamani, wameliweka wazi: anayetaka kuwa mchumi wa serikali kuu ya huko lazima angalau nusu ya shahada yake iwe uchumi. Tumia kipimo hicho hicho hata kama hapa hakijaandikwa popote.

Usiangalie tangazo la Mchumi peke yake. Soma pia la Afisa Tarafa, la Afisa Utawala na la mashirika ya utafiti wa sera. Yachape, uyaweke kwenye bahasha. Utayahitaji kwa mjomba.

Kuhusu D ya BAM, sitakudanganya kwamba hesabu haitakuwepo. Itakuwepo, na mwaka wa kwanza ndiyo mzito kwa sababu waliotoka EGM, yaani waliosoma Uchumi, Jiografia na Hisabati, watakuwa wameshaiona kalkulasi mara mbili. Ila nataka ujue habari za Elinor Ostrom. Huyu mama wa Kimarekani alipokuwa binti, shuleni walimwelekeza mbali na trigonometria kwa sababu wasichana wakati huo hawakudhaniwa kuihitaji. Alipotaka kusoma uzamivu wa uchumi katika chuo kikuu cha UCLA akakataliwa, kwa kuwa hakuwa na msingi wa hesabu. Akaingia sayansi ya siasa. Akatumia maisha yake kuangalia jinsi watu wa kawaida wanavyotunza kitu cha pamoja, maji ya chini ya ardhi huko California, mifereji ya wakulima wa Nepal, na kanuni wanazojiwekea wenyewe bila kusubiri serikali wala mwekezaji. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Nimemleta hapa kwa sababu mbili. Anaonyesha kwamba aliyetoka upande wa siasa anaweza kuwafundisha wachumi kazi yao. Pia mlango ule alifungiwa kwa sababu ya hesabu tu, na wewe hujafungiwa, una D na umechaguliwa.

Kwa hiyo miezi hii usiimalizie kwenye simu. Chukua daftari la BAM la kidato cha tano uanze ukurasa wa kwanza. Na jizoeze kwenye mambo unayoyajua. Chukua chama cha msingi kilichouza tani 500 za korosho kwa shilingi 3,000 kwa kilo: mauzo ni bilioni moja na nusu. Ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ni asilimia 3, yaani milioni 45. Bei ikishuka hadi 2,000, ushuru unakuwa milioni 30. Hizo milioni 15 zilizopotea ni nini kwa wilaya yenu? Ni madarasa, ni dawa, na ni hela za mikopo, kwa sababu halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Bei ya korosho ikiyumba kidogo tu, kikundi cha akina mama kinakosa mkopo bila kujua kwamba chanzo kiko Vietnam. Ukiweza kufuata hesabu hiyo toka mwanzo hadi mwisho, hesabu ya chuo itakuchosha, lakini haitakushinda. Ukifika chuoni tafuta kikundi cha majadiliano chenye watu wa EGM, ukae nao kila wiki. Wao watakufundisha kalkulasi, na wewe utawasaidia kwenye insha, maana huko ndiko wao wanakotaabika.

Sasa fildi. Hapa nazungumza nikiwa na uzoefu, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekaa idara ya mipango ya halmashauri, na kila Julai tulipokea wanafunzi. Rafiki yako hajasema uongo. Wapo wengi waliokaa masijala, wakatoa fotokopi, wakaandika kwenye lojibuku "leo nimejifunza kufungua jalada", wakagongewa mhuri wakaondoka. Lakini nakumbuka binti mmoja aliyekuja na swali lake mkononi: kwa nini mapato ya ushuru wa korosho kwenye taarifa zetu hayafanani na korosho zilizouzwa minadani? Tukampa taarifa za mauzo na za benki za msimu uliopita. Akachora jedwali kwenye karatasi kubwa ya mistari: tarehe ya mnada, kilo, bei, ushuru unaotakiwa, kilichoingia, na tarehe kilipoingia. Hiyo safu ya mwisho hakuna aliyemwambia aiweke. Ikaonekana kwamba hela haikuwa imepotea. Ilikuwa inaingia ikiwa imechelewa mno, robo ya mwaka imeshafungwa na miradi imeshasogezwa.

Tukamwombea ruhusa akae nyuma kwenye kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Akasikiliza madiwani wakibishana kata ipi isubiri darasa lake kwa sababu fedha hazijaingia zote. Alipotoka aliniambia kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukisema kwa uwazi namna ile: kwamba fedha ikichelewa, mwenye nguvu ni yule anayepanga foleni. Jedwali lake lilikuwa la uchumi, na alichokiona kikaoni kilikuwa siasa. Ripoti yake ya fildi ndiyo aliyoikuza baadaye kuwa utafiti wa mwaka wa tatu.

Uingereza vyuo vingi vina toleo la shahada hii lenye mwaka mzima wa kazi katikati: mwanafunzi anasoma miaka miwili, anaajiriwa mwaka mmoja, kisha anarudi kumalizia. Sisi hatuna mwaka, tuna wiki nane hivi kila likizo ndefu, na ukizigawa ovyo zinaisha ukiwa bado unajifunza majina ya watu. Ndiyo maana nakusihi uende na swali.

Mwaka wa kwanza nenda halmashauri, Idara ya Mipango na Uratibu. AMCOS peke yake usiombe, kwa sababu chuo kitataka msimamizi anayeweza kukupima na kukujazia fomu, na vyama vingi vya msingi havina mtu wa namna hiyo. Ukiwa halmashauri, mwombe Afisa Ushirika akuchukue anapokwenda kukagua vyama. Kumbuka pia kwamba Julai hadi Septemba hakuna mnada. Utakuta pembejeo zinagawiwa, salfa inapulizwa, maghala yanatayarishwa, na majina ya wakulima yanahakikiwa, na hayo yote yana mengi ya kufundisha kuhusu nani yumo kwenye orodha na nani hayumo. Mnada wenyewe uone msimu huu, kabla hujaenda chuo. Huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa mwishoni mwa mwezi huo au Novemba. Tangu msimu wa 2024/25 mauzo yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yale mambo ya zabuni za kwenye sanduku yamepita. Nenda na baba, simama nyuma, andika kampuni ngapi zimeomba, bei ya juu na ya chini, na muda uliopita kabla wakulima hawajasema ndiyo. Andika na maneno wanayoambiana.

Na benki ya rafiki wa mjomba usiikatae. Iweke mwaka wa pili. Ila ukifika omba ukae na watu wa mikopo ya kilimo, usikubali kuzimalizia wiki zote mapokezi ukigawa fomu. Utaona kwa macho yako kwa nini benki haimkopeshi mkulima hela ya Machi, nawe utakuwa umeshakaa upande wa pili wa hadithi hiyo. Kazi hizo mbili zikikaa pamoja kwenye CV, zina uzito kuliko fildi mbili za benki.

Jambo dogo lakini la muhimu: ukiwa halmashauri, kadi ya chama chochote iache nyumbani, na usishabikie diwani yeyote hata kwa utani wa chai. Utaonyeshwa karatasi ambazo watu wanazigombania. Siku watakayokuona una upande, majalada yatafungwa.

Tuje kwa mjomba. Usimjibu kwa simu na usimjibu peke yako. Mwambie mama yako kwanza, kwa sababu ni kaka yake au mdogo wake, na mama akishaelewa atajua saa nzuri ya kulileta neno. Nendeni dukani kwake au nyumbani siku ambayo hana haraka. Anza kwa kumshukuru kwa miaka sita ya ada, tena kwa maneno, maana wajomba wengi hawajawahi kuambiwa. Kisha weka ile bahasha mezani. Mwonyeshe tangazo la Mchumi Daraja la II na orodha ya masomo ya chuo, aone mwenyewe kwamba uchumi wake umo ndani. Mwambie benki yake utaifanyia kazi mwaka wa pili. Akiona ombi lake limepewa nafasi yenye tarehe, atakusikiliza kwa sikio jingine.

Akirudia kwamba siasa haisomwi, kuna njia ya kumjibu bila kumvunjia heshima. Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, na huko alisoma uchumi wa kisiasa pamoja na historia na falsafa, akahitimu mwaka 1952. Mwai Kibaki alisoma uchumi, historia na sayansi ya siasa Makerere, akafanya kazi ya mauzo kwenye kampuni ya mafuta ya Shell upande wa Uganda, kisha akaenda London School of Economics kusomea fedha za umma. Baadaye akaishika wizara ya fedha ya Kenya kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuwa rais. Mjomba ni mfanyabiashara, hiyo kazi ya mauzo ya Kibaki atapenda kuisikia. Lakini mwambie pia kwamba huendi kugombea. Unakwenda kujifunza jinsi maamuzi ya fedha yanavyofanyika, ili siku moja ukae kwenye chumba yanakofanyikia ukiwa na hesabu sahihi. Yeye anauza saruji na mabati, anajua vizuri kwamba zabuni ya darasa haiamuliwi na bei peke yake.

Na kama bado atakataa kabisa? Basi chukua uchumi tupu kwa moyo mweupe, kwa sababu ada ni yake, na masomo ya hiari ni yako. Somo la maendeleo utakutana nalo huko huko, liko kwenye vyuo vyetu vingi. Taarifa za majadiliano ya Bunge zipo bure kwenye tovuti yake. Tafuta za Juni 2018 usome wabunge wa kusini walisema nini kuhusu ule ushuru, neno kwa neno, na majibu waliyopewa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka, na ndani yake utakuta halmashauri yako.

Barua ya fildi iandike mapema, Februari au Machi, usisubiri Juni wakati kila chuo kimeshatuma watu wake. Ielekeze kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, uambatanishe barua ya utambulisho ya chuo. Baada ya aya ya kawaida ya kuomba nafasi, ongeza aya moja ya mistari mitatu au minne inayosema swali unalotaka kulifuata na taarifa utakazohitaji kuziona. Nakala moja peleka mwenyewe kwa mkuu wa idara ya mipango, umsalimie, umwambie ni mtoto wa nani. Ukishapata jibu la ofisi ya udahili kuhusu ekonometriki, niandikie tena, nikusaidie kuipanga hiyo aya.